Bosi wa Bando

Jirani, sogeza hilo kreti nikae. Soda hapana, hela yote nimeituma Rwamgasa. Na ya kutolea nimeweka.

Si unajua mimi ni mwekezaji? Usicheke. Nina duara, shimo la dhahabu, kule Rwamgasa, Geita. Yaani lina wenyewe wengi. Mwenye leseni anachukua lake. Mwenye karasha la kusaga mawe lake. Serikali inakata mrabaha wake. Gharama ndiyo sehemu yangu, hiyo hainyang'anywi. Vijana wako shimoni na moko na nyundo, mimi niko hapa Kambarage karibu na uwanja, nawaongoza kwa simu.

Nilikuwa najiona mjanja wa kawaida tu. Mpwa wangu ndiye aliyenivuruga. Huyu kijana anakaa chumba cha uani kwangu na ameajiriwa na Wazungu ambao hajawahi kuwaona. Asubuhi anavaa shati na tai, chini kaptura ya mpira, anakaa mbele ya kompyuta anasema "yes, yes" mpaka umeme ukatike. Mwisho wa mwezi analipwa. Mimi navaa suruali kamili na silipwi. Siku hiyo akaniambia, "Anko, kumbe na wewe una timu ya rimoti! Wewe ni kiongozi wa wafanyakazi wa mbali." Jamani, nilifurahi. Tangu waniondoe kwenye kamati ya harusi hakuna aliyeniita kiongozi.

Sasa watu wananiuliza, kwa nini usiende ukakae kule kule? Kweli, zamani wenye maduara walilala kambini kwenye turubai, wananuka moshi kama vijana wao. Hata yule Mcanada Williamson, aliyegundua almasi hapo Mwadui mwaka 1940, alikaa palepale na almasi zake mpaka alipofariki mwaka 1958. Lakini Williamson alikuwa na simu ya kupangusa? Tangu M-Pesa ifike nchini mwaka 2008 mambo yamebadilika. Posho inaruka. Bosi anabaki na feni yake. Na GGM je? Mgodi huo mkubwa wa dhahabu wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, wenye nao wakubwa walikaa Johannesburg, siku hizi wako Denver, Marekani. Denver! Kama mtu anaiongoza Geita kutoka Denver, mimi nashindwaje kutoka Kambarage? Tofauti yetu ni bando tu.

Zamani nilikuwa na sababu ya pili, nzuri kuliko hiyo. Vijana wakiuliza, "Bosi unakuja lini?" nawajibu, "Nilishafika Kigongo, foleni ya kivuko ikanishinda." Wote wanaelewa. Kivuko kilikuwa hakina mjadala. Juni 2025 Rais Samia akaja akafungua Daraja la Magufuli, Kigongo mpaka Busisi, kilometa 3 juu ya ziwa, unavuka kabla hujamaliza kutafuna hindi. Taifa zima linashangilia, mimi nimekaa mbele ya televisheni nimeshika tama. Hakuna aliyenifikiria. Nikajaribu kusema nitapitia njia ya Kahama na Kakola, vumbi lake linanikaba kifua. Shemeji akajibu kwa sauti ya WhatsApp, "Pita darajani basi, shemeji. Hakuna vumbi ziwani."

Huyo shemeji ndiye msimamizi wangu. Kaka wa mama watoto. Mpwa anasema kiongozi wa mbali lazima awe na mtu anayemwamini eneo la kazi. Mimi sikumchagua kwa kumwamini. Niliambiwa nimchague wakati nakula. Ukiwa na msimamizi ambaye ukimfukuza unalala sebuleni, hapo huna msimamizi, una baba mkwe mdogo.

Tatizo la kwanza ni mawasiliano. Kule duarani mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, tena ukisimama umeelekea magharibi. Shemeji akitaka hela anaandika kwa haraka: "Ile hela itume kwenye namba hii." Basi. Hakuna salamu, hakuna jina. Wewe mwenyewe ukiona hivyo utafikiria nini? Nchi nzima tunajua ni matapeli. Nikamporomoshea. Nikamwambia mwizi mkubwa, nimeshakushitaki, polisi wako njiani. Nikamfungia namba. Nikatamba hapa hapa kioskini, nawe ulinipongeza, usikatae. Vijana walilala njaa. Wiki iliyofuata ukaja ujumbe mwingine wa heshima kabisa, "Shikamoo bosi, ni mimi shemeji yako, nimebadilisha laini." Ameniamkia! Nikalainika, nikatuma papo hapo. Shemeji hajawahi kuniamkia tangu nimuoe dada yake, sijui kwa nini nilidhani angeanza siku hiyo.

Tatizo la pili ni kujua wamefanya nini. Mpwa anasema, "Anko, usiwahesabie saa, angalia matokeo." Sawa. Nikawaambia kila Jumamosi nataka picha ya mifuko ya mawe iliyotoka. Picha zikaanza kuja. Mifuko imepangwa vizuri, inapendeza. Nikawa napita hapa namwonyesha kila mtu. Mama watoto ndiye aliyeuliza mbona kuku mweusi kasimama palepale kila Jumamosi, mguu mmoja juu. Nikampigia shemeji. Akasema kuku yule ni mpole sana.

Mpwa akasema hapana, usiwachunguze, wape moyo. Fanya kikao cha video. Waulize hali zao. Wafanyakazi wa mbali wanajisikia wapweke. Nikamwambia wako kumi na kitu wanalala turubai moja, upweke wautoe wapi? Akasema, "Jaribu, Anko." Nikavaa shati na tai. Suruali niliivaa, mimi si mtoto. Nikaweka kiti chini ya mwembe, simu nikaiegemeza kwenye sufuria. Vijana walikuwa wamebanana kwenye simu moja, ninachokiona ni tundu la pua na kipande cha turubai. Nikaanza, "Ndugu zangu, leo sitaki kusikia habari za kazi. Nataka kujua mnajisikiaje." Kimya. Nikadhani mtandao umekata. "Nasema, mnajisikiaje?" Pua ikajibu, "Tunajisikia njaa, bosi."

Hapo hapo mama watoto akatokea na bili ya maji. Hakujua niko mkutanoni. Sikujua kuzima sauti. Aliongea yote. Bili, ada, mbuzi niliyeahidi ukweni tangu mwaka juzi, na lile godoro. La godoro usiniulize. Kule upande wa pili walikuwa kimya kama wako kanisani. Alipomaliza, pua ikasema taratibu, "Pole bosi." Tangu siku hiyo nikiwabana kuhusu mifuko wananiuliza, "Bili ya maji ulilipa?"

Nikaja na la mfanyakazi bora wa mwezi. Hili nililisikia kwa mpwa. Nikaahidi elfu ishirini, wapige kura wenyewe. Wakamchagua mama ntilie. Nikalalamika kwamba mama ntilie si mfanyakazi wangu, anawauzia ugali tu. Shemeji akajibu kwamba mama huyo ananikopesha ugali mimi, maana posho yangu huwa inachelewa. Elfu ishirini nikatuma. Na ya kutolea.

Na usidhani dhahabu haina bei. Kuna soko la dhahabu pale Geita, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alilifungua Machi 2019. Zamani mchuuzi anakuja na mzani wake mfukoni na bei yake kichwani. Sasa unapima, unapewa risiti, hata bosi aliye mbali anaweza kudai picha ya risiti. Mimi naipenda sana hiyo risiti. Ninayo moja. Oktoba 2025 wakia moja ilipita dola 4,000 duniani, mpwa kanionyesha kwenye kompyuta. Nikakimbilia simu, nikawatangazia. Wakashangilia. Halafu wakaniambia duara limejaa maji, nitume hela ya pampu.

Kuna jambo moja tu sichekeshi nalo watu. Mvua ikianza kule, simu ikakaa kimya, silali. Unakumbuka Januari 2017 pale Nyarugusu? Watu 15 walifukiwa mgodini, siku kadhaa wako chini, wakatolewa wote hai. Geita nzima ilikuwa inasali. Kwa hiyo ikinyesha napiga, haipokelewi, napiga, haipokelewi, naona kichuguu kile kimeloa na hakuna aliyesimama juu yake. Asubuhi shemeji anapiga. "Ulikuwa unasemaje?" Nasema nilikuwa naulizia mifuko.

Sasa sikia lililonileta hapa. Masika yalipokaribia waliomba hela ya matimba, yale magogo ya kushikilia kuta za shimo. Ni hela nyingi. Nikawajibu kama mpwa alivyonifundisha, kwamba naheshimu ombi lao, walete picha, bajeti na malengo. Wakanyamaza. Nikadhani wanaandaa bajeti. Nikangoja. Kwenye grupu letu la WhatsApp, "Timu Dhahabu," nililiita mimi, ikawa ni mimi tu naandika. Natuma methali, natuma maua na "Jumatatu njema." Tiki za bluu zinawaka. Hakuna anayejibu.

Jana mama ntilie kanipigia, anadai la ugali. Katika maongezi ananiambia, "Lakini bosi, hongereni, matimba yamekaa vizuri." Matimba yapi? Ndipo nikajua. Vijana waliuza marudio, ule mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, wakachanga, wakanunua magogo, wakafunga wenyewe. Kila kitu wamekipanga kwenye grupu lingine. Lina zaidi ya miezi mitatu. Humo ndimo wanaambiana nani anashuka, nani mgonjwa, maji yamefika wapi. Hata mama ntilie yumo. Mwenye leseni yumo. Dada yake shemeji, ambaye ni mke wangu, anayelala kitanda kimoja na mimi, yumo! Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Lile ni la kazi."

Mpwa alipolisikia akapiga makofi. Eti timu imekomaa, inajisimamia, ndiyo ndoto ya kila kiongozi. Nikamwambia ahame chumba.

Usiku nikajishusha. Nikamwandikia shemeji, nikaanza na salamu, nikauliza familia, nikauliza hali ya kuku. Nikaomba aniingize kwenye lile grupu, hata kama nitakuwa nasoma tu bila kuchangia. Leo asubuhi kajibu. Ombi langu limepokelewa. Watakaa kikao Jumamosi walijadili, na kabla ya hapo nilete picha, bajeti na malengo.

Hebu niazime kalamu hapo, jirani.