Matundu Manne

Nilichotaka mimi ni kisahani cha sabuni tu. Kidogo, cha chuma, cha kushikwa na skrubu nne. Nilikinunua kwenye hadiwea moja kule Makongeni, Thika, nikitoka kazini, nikakipakata ndani ya matatu hadi Ruiru kama aliyebeba keki ya harusi. Laiti ningalikisahau mle mle.

Miaka sita nimeoga sabuni ikiwa sakafuni, kila mara nikiinama kuipapasa macho yamejaa povu. Mke wangu akasema basi, tafuta fundi. Fundi wa Ruiru hatafutwi. Ukisimama stejini na kitu kipya mkononi, yeye ndiye hukupata. "Mdosi, hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Alikuja na drili, bila kitu kingine. Akaiweka kwenye ile hali yake ya kugonga, ya kuvunjia zege, akailenga kwenye kigae. Nikamwuliza kama si afadhali abandike selotepu pale ili ncha isiteleze, kisha aanze polepole bila kugonga mpaka kigae kitoboke. Akanitazama jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejisomea ugonjwa wake kwenye simu. Kigae kikalia kama sahani iliyoanguka. Akasogea kwenye cha pili.

Matundu yalitoka mapana. Rawal plagi, kile kijiplastiki cha kutangulia skrubu ambacho Mwingereza John Joseph Rawlings alituvumbulia miaka ya 1910 tusiumize kuta, zikacheza ndani kama mguu wa mtoto katika buti la babake. Fundi akashindilia njiti za kiberiti. Na silikoni?

"Mdosi, maji hayapiti kwenye tailsi."

Ni kweli, hayapiti. Hupita kandokando, kwenye maungio, na sasa yalikuwa na matundu yangu manne. Nyuma ya kigae kuna lipu, na nyuma ya lipu, huku kwetu, kuna jiwe la Ndarugu, linalochimbwa hapo upande wa Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Ni jiwe la volkano, zuri kwa kujenga, lakini lipe maji uone: linayanywa kuliko mimi ninavyokunywa chai. Tone likiingia tundu la juu hulioni tena. Linatalii ukutani wiki mbili, halafu linatokea mahali pasipolihusu.

Langu lilitokea kwenye dari ya mama wa ghorofa ya chini, juu ya televisheni yake.

"Jirani," akaniita kutoka kwenye ngazi, wapangaji wote wakisikia, "huko juu mmefungua kidimbwi cha kuogelea?"

Uchungu wenyewe ni kwamba maji ya mfereji hutufikia kwa zamu. Maji ya bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 huko juu ya Thika, yanatupita yakienda Nairobi kuosha magari. Katika ploti nzima, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikimpelekea jirani maji kila siku bila bili.

Fundi mwingine, Keteka, ndiye aliyeniokoa, baada ya kunigombeza. Aling'oa kisahani, akatoa njiti zilizooza, akaacha matundu yakauke siku tatu, akayajaza silikoni mpaka ikafurika, kisha akatukataza kuoga bafuni hadi kesho yake. Tukaogea kwenye karai kama watoto. Alinieleza pia kwamba silikoni hiyo hiyo ingalitiwa ndani ya tundu kabla ya skrubu kuingia, yote haya yasingalitokea. Mrija mmoja, nao mwingi ungalibaki.

Dari ya jirani nimelipia rangi. Vigae viwili vilivyopasuka havipatikani tena dukani, kwa hiyo tumebandika vya maua, na bafu letu la kijivu sasa lina viraka.

Sabuni imerudi sakafuni. Kisahani bado kipya, na skrubu zake nne zipo. Anayekitaka aje Ruiru akichukue bure, mradi aje na silikoni yake na asiniombe namba ya fundi.