Namna ya Kununua Bila Kupigwa: Mwongozo kwa Mtu wa Matiri

Ndugu msomaji wa Matiri, na wewe wa Mbinga yote kushuka mpaka Mbamba Bay na Liuli: iko siku utasafiri. Utakwenda Dar es Salaam kumwona mtoto aliyeko chuo, au Nairobi kwa shughuli, au Muscat kwa shemeji, na wenyeji wako watakupeleka kwenye supamaketi pana kama uwanja wa mpira. Mwaka utakaofuata watakuja kwako, nawe utawapeleka sokoni. Mwongozo huu ni wa safari zote mbili. Pande zote kuna mtu anayeitaka fedha yako, na pande zote kuna njia ya kumpa anachostahili, isizidi hata sarafu.

1. Beba kikapu chako. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ni marufuku Tanzania. Asiyekuja na kikapu hununua mfuko kwanza, chakula baadaye. Ukifika supamaketi utaona vikapu vya mkononi na matoroli. Chukua cha mkononi. Toroli la dukani lilibuniwa mwaka 1937 huko Oklahoma, Marekani, na mwenye maduka aitwaye Sylvan Goldman, aliyeona kwamba wateja wake waliacha kununua mara kikapu kilipowaelemea. Akawapa magurudumu, wakaendelea kununua. Basi uache mkono uchoke: ukichoka, umenunua ya kutosha.

2. Sokoni salimia, dukani inama. Sokoni usianze na bei. Anza na "Shikamoo mama", subiri marahaba, kisha uliza habari za shamba. Katika jibu hilo utajua kama mvua ilikata mapema, kama barabara ya kwao inapitika, na kama mzigo umeingia mwingi au haba. Ukimaliza kusalimiana, bei unaijua nusu tayari.

Supamaketi hakuna wa kumsalimia. Mpango huo wa mteja kujihudumia ulianzia Memphis mwaka 1916, Clarence Saunders alipofungua duka lake la Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya kaunta akataja anachotaka. Baada ya hapo akaachiwa atembee peke yake kati ya rafu, na rafu ndizo zikaanza kumshawishi. Maziwa na mkate, vitu vya kila siku, mara nyingi huwekwa mbali na mlango ili upite penye biskuti. Bidhaa ambayo duka linataka sana uinunue huwekwa usawa wa macho, na pipi huwekwa penye foleni ya kulipia, usawa wa macho ya mtoto. Kwa hiyo inama. Bei nafuu hupenda kukaa rafu ya chini.

3. Kijue kipimo kabla hujaijua bei. Sokoni kuna fungu, kopo, sado na debe. Sado huchukua lita 4 hivi, debe lita 20, na debe la mahindi makavu huwa na uzito wa kilo 18 au zaidi kidogo. Tazama kitako cha debe. Likiwa limebonyezwa kuelekea ndani, unayenunua umepunjwa. Likiwa limegongwa likatuna nje, aliyepunjwa ni mkulima aliyepimiwa nalo shambani. Gunia lenye kilemba, yaani lumbesa, likatae hata kama wewe ndiye unayefaidika. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na kwa mazao ya shamba mwisho wa gunia ni kilo 100. Kilo zinazoshonewa juu ya hapo ni jasho la mtu asilolipwa, na mgongo wa mpakiaji unaumia bure.

Dukani mizani ni ya umeme na bei imebandikwa. Hapo mtoto wa miaka kumi na mzee wa miaka themanini wanalipa sawasawa, na hilo ni jema linalostahili sifa. Ila usisome bei peke yake, soma na uzito. Pakiti mbili zinaweza kulingana kwa urefu na rangi, moja ikabeba gramu 500 na nyingine 400.

4. Ukitaka usipa, tazama mwezi. Usipa wa Ziwa Nyasa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa za betri na sola. Mwezi ukiwa mpevu, taa ya mvuvi haivuti samaki, mitumbwi hurudi na kidogo, bei hupanda. Giza likirudi, usipa hurudi, na tangu lami iunganishe Mbinga na Mbamba Bay huwahi kupanda milimani. Nunua siku za giza, weka akiba ya siku za mwanga.

Ukifika mezani, chagua unaong'aa rangi ya fedha. Ulioanikwa juu ya chanja hauna mchanga, ulioanikwa chini utausikia menoni. Wa masika, uliokosa jua, hugeuka kahawia na kuchachuka, kwa hiyo omba mmoja utafune hapo hapo. Mwenye usipa mzuri atakupa bila kununa. Supamaketi samaki yuko kwenye kopo au barafuni, na kopo halionjwi. Hapo kinga yako ni tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya shirika la viwango, basi visome vyote viwili kabla hujaingiza kitu kikapuni.

5. Maharage usiyanunue kwa sura. Watu wa Umatengo wanajua maharage yanatoka wapi: kwenye ngoro, yale mashimo yaliyopangwa mlimani yenye kingo zilizofukiwa majani, ambayo huzuia mvua isishuke na udongo mpaka bondeni. Maharage hupandwa mvua zikielekea ukingoni, mwezi wa tatu hivi, na mapya huingia sokoni kuanzia Juni. Mapya huiva upesi na kuni hubaki. Ya zamani hukesha jikoni. Kwa hiyo uliza yamevunwa lini, yaume kwa jino, yatazame kama yametobolewa na wadudu, tumbukiza mkono mpaka chini ya gunia, maana ya juu yamechaguliwa. Mfuko wa plastiki ulioandikwa vizuri dukani hautakuambia msimu. Utakuambia tarehe ya kufungashwa, na maharage ya miaka miwili yanaweza kufungashwa jana.

6. Kahawa iulize kwao. Ukiwa ugenini, nenda rafu ya kahawa. Mbinga ni nchi ya arabika. Kahawa inalipa ada za shule, inaezeka nyumba, na mbichi husafiri kwa magunia kwenda kukaangwa ng'ambo. Geuza pakiti usome asili yake. Usidanganyike na zile alama za mistari zinazosomwa na mashine. Namba zinazoanza na 620 zimesajiliwa Tanzania, 616 ni Kenya, lakini huonyesha kampuni ilikosajiliwa. Shamba lilipo hazilionyeshi. Ukiona pakiti imeandikwa Tanzania, na hasa Mbinga au Ruvuma, inunue, kisha mwambie mwenyeji wako kwa sauti kwamba mlima huo unaujua. Ukiikosa, muulize meneja kwa adabu kwa nini haipo. Meneja akiulizwa na wateja wengi huagiza.

7. Omba kupunguziwa, ila uwe na kiasi. Sokoni kuomba punguzo ni haki yako, na kukataa ni haki ya muuzaji. Omba mara moja, omba mara ya pili kwa tabasamu, kisha omba nyongeza. Hapo nyamaza. Mama aliyebeba tenga la mboga tangu alfajiri asiombwe mara ya nne na mtu aliyekuja kwa gari. Jioni atashusha mwenyewe, kwa kuwa mchicha haulali ukaamka mzima.

Supamaketi bei haishuki kwa maneno, kwa hiyo weka nguvu zako kwenye chenji. Kitu kimeandikwa shilingi 9,990, nawe umetoa noti ya 10,000. Sarafu ya shilingi 10 haionekani siku hizi, na mwenye kaunta akikupa pipi badala ya chenji, una haki ya kuikataa na kudai fedha. Dai pia risiti ya mashine. Nafaka, mboga na matunda yasiyosindikwa kwa kawaida hayatozwi kodi ya ongezeko la thamani Tanzania. Ikisomeka kwenye risiti kwamba nyanya zako zimetozwa, uliza.

8. Jua nani atakuwepo mwakani. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua Tanzania, kisha mwaka 2014 ikauza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya. Uchumi, ya Kenya pia, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt yenyewe ilielemewa na madeni na kuanguka, ikawaacha waliokuwa wakiipelekea bidhaa wakidai fedha zao. Carrefour, iliyofungua Nairobi mwaka 2016, iliondoka Oman Januari 2025. Haya ni maduka yenye mitaji ambayo sisi tunaisikia redioni tu. Hesabu zikikataa, hushusha mlango na kuondoka.

Tazama na upande wa pili. Soko Kuu la Kariakoo, jengo lililochorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Jengo lilifungwa, wenye meza wakahamia masoko mengine ya jiji, na vitunguu viliendelea kuingia Dar es Salaam. Soko ni watu waliozoeana, na moto wa usiku mmoja hauwezi kuwamaliza. Mkulima wa Matiri naye alifikirie hili anapouza. Duka kubwa hutaka mzigo uliochambuliwa na kufungashwa, hupokea leo na kulipa baadaye. Sokoni hulipwa kabla jua halijazama.

9. Chukua mazuri ya supamaketi uyalete sokoni. Hapa ndipo mwongozo wote ulipokuwa unaelekea. Sitakuambia soko ni zuri kwa sababu ni letu. Soko lisilo na choo ni baya, na mama anayeuza kutwa juani bila tone la maji ya kunawa anaonewa. Nyama isiyofunikwa ni hatari hata ikiuzwa na binamu yako. Supamaketi imetufundisha mambo manne ambayo hayahitaji mtaji wa kigeni: bei iliyoandikwa, mizani iliyohakikiwa, paa, na usafi. Ushuru wa soko tunalipa na stakabadhi tunapewa. Kwa hiyo mambo hayo manne si hisani.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi husomwa hapo. Nenda. Ikisomwa, nyoosha mkono uulize ushuru wa soko umepatikana kiasi gani, na choo kitajengwa lini. Diwani akiwepo, muulize na yeye. Usikubali kuondoka bila tarehe kuandikwa kwenye muhtasari. Soko ambalo wateja wake wanalidai ndilo litakalowalisha wajukuu wa Matiri, hata supamaketi zije na kuondoka mara kumi.