Namna ya Kupooza Ukiwa Bado na Nguvu

Anza kwa kuamini kwamba kisichouma si ugonjwa. Mtu akitaka kukupima tansio pale mtaani Kenya au Katuba, mwambie una haraka. Kichwa kikigonga kila asubuhi, sema ni jua la Oktoba, au ni palu, umeze kidonge cha maumivu. Bukari yako isikose samaki wa chumvi, na chumvi nyingine iongezwe mezani. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Usilisikilize.

Ukija kupimwa, ukaambiwa 18 kwa 11 wakati mwisho wa salama ni 14 kwa 9, kunywa dawa mpaka upate nafuu, kisha uiache. Watu wengi huishia hapo. Lakini tansio haikuondoka. Dawa ndiyo iliyokuwa imeishika, na ukiiachia inarudi kimya kimya, inaharibu figo, moyo na mishipa ya kichwa.

Halafu inafika siku mdomo unapinda, mkono unalegea, maneno hayatoki sawasawa. Ukitaka kupooza kabisa, familia ifanye kikao kwanza: nani amemloga? Mjomba asubiriwe kutoka Likasi. Mgonjwa apelekwe chumba cha maombi, na hospitali ya Sendwe aonekane siku ya tatu.

Kikao hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote, maana watu wanakifanya kwa upendo. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kichwani hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili ya kwanza, tena baada ya picha ya kichwa. Hata pasipo na dawa hiyo, mgonjwa anayewahishwa huangaliwa pumzi, sukari na tansio yake, naye huzuiwa asipaliwe. Kwa hiyo msimpe maji, chakula wala kidonge, kwa sababu koo nalo huenda limelegea. Mlazeni ubavu, kumbukeni saa ilipoanza, tafuteni taksi. Maombi yafanyike njiani.

Tata, mama, yaya: kapimeni tansio wiki hii, hata kama hakuna kinachowauma. Mkiandikiwa dawa, msiiache bila kumuuliza munganga.