Kitanda cha Bwana Mdogo

Kwetu Katesh mtoto akiachishwa ziwa huhamia kwa bibi yake. Nami nilihamishwa hivyo hivyo, na sikumbuki mtu kuniuliza maoni. Unalala upande wa ukutani, bibi analala mbele, mbuzi wanakohoa nje, kunakucha. Basi.

Sisi tuliosoma kidogo tukaona tuende na wakati. Kijana wetu alipozaliwa tukamnunulia kitanda cha mtoto chenye fito pande zote. Kilikuwa cha mtumba, kikaja kutoka Arusha juu ya keria ya basi, na ubavu wake mmoja ulikuwa wa kupandisha na kushusha. Baadaye nikasoma kwamba Wamarekani walipiga marufuku kuuza vitanda vya namna hiyo tangu Juni 2011, kwa sababu ubavu ule huchomoka na kumbana mtoto. Jioni hiyo hiyo nikaupigilia misumari ya inchi tatu. Mke wangu akasema sasa kimekuwa zizi. Sikubishana naye, maana mle ndani kulikuwa na dume.

Madaktari wa watoto wa huko huko Marekani wanasema mtoto akifika kimo cha sentimita 89 hivi, atolewe kwenye fito, kwa kuwa anaweza kujirusha nje. Wa kwetu hakungoja kupimwa. Alfajiri moja alipitisha mguu juu ya ubavu, akaning'inia kidogo akitafakari, kisha akajiachia ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa. Na kwa kuwa mama yake alikuwa tayari ana ujauzito mkubwa, tukaamua mkubwa ahame, mdogo apate pa kulala. Kumbuka hiyo sababu, tutaihitaji.

Nikaenda kwa fundi seremala na vipimo vyangu kwenye karatasi: kitanda kifupi, cha chini, mtoto akianguka asiumie. Fundi akaisoma karatasi, akatoa penseli sikioni, akairudisha.

“Mwalimu, huyu mtoto hakui?”

“Anakua.”

“Sasa mwakani nikutengenezee kingine? Piga futi tano kwa sita, atalala mpaka aoe.”

Hoja kama hiyo mtu wa mshahara haipingi. Hivyo ndivyo binadamu wa miaka miwili na kitu alivyopata kitanda kikubwa kuliko cha wazazi wake, chenye matendegu marefu, ambacho hawezi kukipanda mpaka abebwe, wala kukishuka mpaka aanguke.

Kukawa na suala la godoro. Lilikuja na nailoni yake ya dukani, na mke wangu akaagiza isitolewe, kwa sababu bwana mdogo bado ni kikojozi. Ukweli ni kwamba hata godoro letu sisi wakubwa lilikaa na nailoni miaka, na hakuna kikojozi aliyetajwa. Sasa shuka juu ya nailoni halikai. Mtoto akigeuka, nailoni inalia kwaru kwaru nyumba nzima inasikia. Akigeuka tena, shuka linaanza safari kuelekea ukingoni, na yeye yumo ndani yake, usingizini, akisafirishwa. Kisha: puu! Tunakurupuka wote wawili, tunagongana mlangoni, tunamulika tochi ya simu. Yuko chini juu ya mkeka, anakoroma. Tunaobaki macho hadi asubuhi ni sisi.

Usiku ambao hakuanguka, alitembea. Mlima Hanang una mita 3,400 na ushee, na ikifika Julai nadhani baridi yake yote hushuka mjini kutafuta pa kulala. Saa nane za usiku unasikia nyayo ndogo kwenye saruji, chandarua kinafunuliwa, halafu miguu miwili ya barafu inapachikwa katikati ya mgongo wako. Ukimrudisha, anarudi na mto. Ukimrudisha tena, anarudi na mto na dai: “Kule kuna mtu.”

Dai la mtu lilinisumbua, mpaka mtu mwenyewe akaja. Sijui ni nani aliyetangaza, ila ndani ya muda mfupi ukoo mzima ulijua kwamba kwa mwalimu kuna kitanda cha futi tano kwa sita analalia mtoto peke yake. Zamani wageni waliokuja mnadani walikuwa wakipita kusalimia, wanakunywa chai, wanaaga. Sasa wakawa wanakunywa chai na kuvua viatu.

Wa kwanza alikuwa mjomba wa mke wangu, kutoka Bashay kule Mbulu, na gunia lake la vitunguu swaumu. Hakutaka libaki barazani, watu siku hizi si waaminifu, akalisukumia uvunguni. Bwana mdogo alifurahi kupita kiasi kupata mwenzake. Tuliwalaza mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, tukafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu kitanda kile kiingie tukalala kama watu.

Usiku wa manane kukapasuka kishindo ambacho hata mbwa wa jirani alikiitikia. Fundi, katika haraka zake, hakuzipigilia chaga misumari. Alizipanga tu juu ya mbavu za kitanda. Zilimvumilia mtoto. Mjomba alipogeuka, chaga tatu za katikati zikachomoka kwa pamoja, godoro likajikunja kama sambusa, naye akazama ndani yake hadi kwenye gunia. Nilipomulika niliona magoti yake mawili na mkono mmoja ulioshika kofia. Harufu ya vitunguu vilivyopondeka ikatutoa machozi wote. Bwana mdogo, aliyekuwa amebaki salama mchagoni, alipiga makofi.

“Mjomba, tena!”

Mjomba alikoga asubuhi kwa sabuni ya kufulia, akaenda mnadani hivyo hivyo. Nasikia foleni haikumsumbua.

Mtoto wa pili akazaliwa, wa kike, salama. Bibi akaja kumhudumia mzazi, pamoja na mpwa wangu anayesoma kidato cha kwanza, na wote wakaelekezwa kwenye futi tano kwa sita. Bibi aliikagua nailoni, akauliza kama kitanda bado hakijalipiwa, akaichana yote kwa kisu cha jikoni. Kisha akamweka mjukuu upande wa ukutani, yeye akalala mbele. Tangu siku hiyo bwana mdogo haanguki, hatembei, wala haoni mtu. Mpwa ndiye anayeshikilia ukingo.

Na kile kitanda cha fito tulichompokonya mkubwa ili apewe mdogo? Mdogo hajalala humo hata usiku mmoja. Analala na mama yake, kwa kuwa ni baridi, kwa kuwa ananyonya, kwa kuwa bibi amesema. Ndani ya fito zile sasa kuna nguo zinazosubiri pasi, nepi, na mchana, ukimtafuta bwana mdogo akiwa kimya mno, utamkuta ameparamia na kujilaza juu ya shati langu la kazini. Nilipomuuliza anafanya nini humo, alinijibu kwamba hapa ni kwake.

Jana mjomba amepiga simu. Akasalimia kwa urefu, akaulizia mama, mtoto, mvua, bei ya mahindi. Mwishoni akakohoa.

“Mwalimu, mnada uko karibu. Mwambie yule fundi apigilie chaga, na aongeze mbili. Safari hii nakuja na shangazi yenu.”