Mateso ya Hiari Yenye Stakabadhi

Msafara wa hisani wa baiskeli ni utaratibu ambao mtu huahidi kuendesha baiskeli siku kadhaa mfululizo, nao jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzake huahidi kuchangia shule, zahanati au kituo cha yatima kwa sharti kwamba safari hiyo ifanyike kweli. Uchumi wake ni wa ajabu kidogo, kwa sababu mchangiaji hapati chochote ila uhakika kwamba yuko mtu anayemfahamu ambaye wakati huo anavuja jasho. Na kwa kuwa watu wa Afrika Mashariki wamezoea michango ya harusi, ambako mchangiaji walau hula pilau, mwombaji wa mchango wa baiskeli hulazimika kuifidia pilau hiyo kwa mateso yanayoonekana.

Kwa kigezo hicho Kigali ni mahali pazuri mno pa kuanzia. Mwendeshaji anayetoka Nyabugogo, bondeni kilipo kituo kikuu cha mabasi, akielekea Musanze, huanza kuupanda mlima wa Shyorongi kabla chai ya asubuhi haijatulia tumboni. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika Kigali tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025 na yakawa ya kwanza kufanyika Afrika, yaliondoa shaka yoyote iliyokuwapo kuhusu vilima hivyo, kwani katika mbio kuu za wanaume, za kilomita 267.5, waliofika mwisho walikuwa 30 tu, na Remco Evenepoel, bingwa wa Olimpiki, alibadilisha baiskeli kwa sababu kiti chake hakikukaa sawasawa. Tangu siku hiyo mwendeshaji wa hisani anayelalamikia kiti ana pa kuegemea, almuradi asitaje kwamba Evenepoel, pamoja na masaibu hayo yote, alishika nafasi ya pili.

Aibu ya kwanza, hata hivyo, haiungoji mlima. Timu nyingi huwa na angalau mtu mmoja aliyenunua viatu vya kunasa, yaani viatu vyenye kipande cha chuma chini ya soli kinachojifunga kwenye pedeli na kufunguka tu mguu unapozungushwa kwa nje. Mtu huyo hufika penye taa za barabarani, hutazama tarakimu nyekundu zikihesabu kurudi nyuma, husimama kwa heshima zote za sheria, kisha hukumbuka miguu yake ilipo wakati mwili umekwisha kuanza kuelekea lami. Huanguka polepole, akiwa bado amekaa kitini na mikono ikiwa bado usukanini, mbele ya madereva wa moto, yaani pikipiki za abiria, ambao humwuliza kwa upole kama anahitaji kupelekwa mahali.

Huko Shyorongi timu hukutana na wanyonzi, ambao ni vijana wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli nzito zisizo na gia. Mwendeshaji wa hisani, mwenye fremu ya kaboni na kaptula yenye sponji, hupitwa na mnyonzi aliyefunga magunia ya viazi kwenye keria na kushika nyuma ya lori kwa mkono mmoja. Desturi hii ya kushika malori imepigwa marufuku, na ni hatari kweli, lakini hilo halipunguzi uchungu wa kupitwa. Uchungu wenyewe ni wa kihasibu zaidi kuliko wa misuli, maana mmoja analipwa kuupanda mlima huo na mwingine amewaomba watu wamlipie.

Pancha nayo ina elimu yake. Gari la msindikizo, ambalo kazi yake ni kubeba vipuri na waliochoka, kwa kawaida huwa limetangulia kutafuta chakula cha mchana, likiwa na pampu ndani. Anayebaki ni fundi wa kando ya barabara, mwenye beseni la maji, solusheni na vipande vya mpira wa zamani, ambaye hulipata tundu mara moja kwa kufuata mapovu, hulibandika kiraka, kisha huitazama valvu nyembamba ya Kifaransa isiyoingia kwenye pampu yake na kuuliza, bila kejeli yoyote, kwa nini baiskeli ya bei hiyo haiwezi kujazwa upepo.

Baada ya Musanze safari hufika Rubavu, na hapo huanza njia ya Congo-Nile, kilomita 227 za vumbi na kokoto kandokando ya Ziwa Kivu hadi Rusizi, ambako watoto hukimbia sambamba na timu na mara nyingi huishinda. Huko ndiko ikivuguto, maziwa ya mgando yanayonywewa baridi na matamu kweli, huonyesha kwamba hayakukusudiwa kutikiswa saa tatu tumboni. Zaidi ya hapo adabu hairuhusu kueleza.

Yote haya huingia katika hesabu. Ahadi nyingi hulipwa kwa simu wakati safari ikiendelea, na picha ya timu ikitabasamu ziwani jioni huwafanya wachangiaji waulize kama hiyo ni hisani au likizo, ilhali goti lililofungwa bandeji huwakumbusha madeni yao usiku huohuo. Kwa hiyo mhazini mzoefu huzizuia picha za ziwa hadi ahadi ya mwisho ilipwe, na hutanguliza za magoti.