Tulia Hapo Hapo: Shajara ya Chumba cha Eksirei

Jumatatu

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Huku Mutanga Nord, Bujumbura, maji yanateremka mitaroni yakiwa mekundu, yanakwenda mto Ntahangwa, na wagonjwa wanafika wamelowa na wamechelewa.

Wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa kampasi ya Mutanga. Anakohoa wiki kadhaa na daktari anataka kuona kifua. Nikamsimamisha, kifua kwenye kaseti, kidevu juu, mabega mbele. Nikaenda nyuma ya ukuta, nikasema kwa sauti: "Vuta pumzi ndani kabisa. Izuie hapo." Akajibu, "Ndiyo, daktari." Alijibu wakati ule ule mashine inapiga, na pumzi yote niliyomwomba aizuie ikatoka pamoja na jibu.

Kwenye skrini kiwambo, msuli wa chini ya mapafu, kilikuwa na kingo mbili, moja juu ya nyingine, na mishipa midogo ya mapafu imepotea kwenye ukungu. Herufi D ya risasi, ninayobandika kwenye kaseti kuonyesha upande wa kulia (droite kwa Kifaransa), ilikaa wazi kabisa. Hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza. Herufi ikiwa kali huku mbavu zina ukungu, kaseti haina neno na mashine ya kuisoma haina neno. Aliyesogea ni mtu.

Tukarudia. Picha moja ya kifua humpa mtu mzima takriban milisiviati 0.02. Mionzi ya asili, ile inayotoka ardhini na angani, humpa binadamu wastani wa milisiviati 2.4 kwa mwaka, kwa hiyo picha moja ni kama siku tatu za kuishi tu duniani. Ni kidogo, na sipendi mgonjwa atishwe. Lakini picha yenye ukungu ni mionzi aliyoipokea bure, nayo ingeweza kuficha doa dogo juu ya pafu, pale pale kifua kikuu kinapopenda kukaa.

Jumanne

Mtoto wa miaka kama miwili, homa na pumzi za haraka. Amekuja na mama yake na shangazi. Nikauliza kama kuna mwenye mimba. Mama akainua mkono. Basi shangazi ndiye aliyevaa aproni ya risasi, na mama akakaa nje akisikiliza.

Mtoto alikuwa ametulia. Kilichomtoa kwenye utulivu ni mashine yenyewe. Kabla ya kupiga, anodi iliyo ndani ya mrija huanza kuzunguka, na chumba chote kinavuma. Mtoto akageuza kichwa kutafuta kinachovuma, bega likafuata kichwa, kifua kikafuata bega. Niliachia kitufe kabla ya kupiga. Nikabonyeza tena nusu, mvumo, nikaachia, ili ausikie na aone kwamba hakuna kinachomjia. Kufanya hivyo kunaichosha mashine na sifanyi hivyo kila mara. Leo nilifanya.

Baadaye akaanza kulia, na kilio kilitusaidia. Mtoto anayelia hutoa hewa kwa muda mrefu, kisha huivuta yote mara moja. Huwezi kumwambia azuie pumzi, lakini unaweza kulitazama tumbo lake na kungoja. Tumbo lilipojaa, nikapiga. Mapafu yametoka yamefunguka vizuri. Pembeni ya picha kuna vidole vitatu vya shangazi na pete, kwa sababu dakika ya mwisho aliupeleka mkono kumbembeleza. Havikufunika pafu. Daktari ameipokea.

Jumatano

Umeme ulikatika asubuhi na jenereta haina mafuta. Umerudi saa nane mchana.

Mzee mwenye mtetemeko alikuwa amengoja muda wote huo, kifundo cha mkono kimevimba baada ya kuanguka. Mjukuu wake akamkaripia kwenye benchi: "Babu, tulia bwana!" Mkono ukazidi. Mtetemeko wa namna ile hauko chini ya amri ya mwenyewe, na aibu huuongeza. Nilimwomba kijana atoke kidogo. Nikamwambia mzee, "Mzee wangu, acha utetemeke, kazi ya kuushika ni yangu." Nikaulaza mkono kwenye sponji, nikaweka mfuko wa mchanga juu ya kigasha, mbali na palipovimba.

Halafu nikakata muda. Hapa ndipo mashine inapomsaidia mgonjwa kuliko maneno. Ukipandisha mkondo mara mbili, muda unaweza kuupunguza nusu, na mionzi inayofika kwenye kaseti inabaki ile ile: miliampea 100 kwa sekunde 0.1 ni sawa na miliampea 200 kwa sekunde 0.05. Moyo nao tunaushika kwa njia hiyo. Hakuna anayeweza kuuambia moyo usimame kidogo, kwa hiyo picha ya kifua lazima iwe ya haraka kuliko pigo lake. Zahanati yenye mashine dhaifu inalazimika kupiga kwa muda mrefu, na mgonjwa analaumiwa kwa kusogea ndani ya muda ambao mashine nzuri isingeuhitaji. Hilo linaniuma kila ninaposikia mtu akigombezwa.

Ufa ulionekana. Amefungwa plasta.

Alhamisi

Mwanamume wa makamo, maumivu ya mgongo wa juu. Picha ya ubavuni ya uti wa mgongo wa kifuani ina utaratibu wake: hapo tunataka mtu apumue, polepole, kwa sekunde mbili au tatu, na mkondo unashushwa. Mbavu zikisogea zinafifia, na pingili zisizosogea zinabaki wazi nyuma yake. Nilimweleza. Lakini wenzake kwenye benchi walikuwa wamekwisha kumfundisha kwamba humu ndani hakuna kupumua, na amewaamini wao. Alizuia pumzi hadi mishipa ya shingo ikasimama. Mbavu zote zimetoka wazi, zimepita juu ya pingili.

Nilimketisha, tukapumua pamoja mara kadhaa, mkono wake juu ya tumbo lake. Mara ya pili alipumua.

Mchana akaja bibi kutoka Buyenzi, nyonga. Alipogusa meza alishtuka, maana meza ni baridi na chumba kina kipoza hewa. Akatandika kitenge chake mwenyewe, akajilaza, akasema, "Haya mwanangu, piga." Hakusogea hata unywele. Kitenge kikavu kisicho na vifungo wala zipu hakionekani kwenye picha. Kesho naleta kimoja kikae hapa.

Ijumaa

Simu imeita mfukoni mwa mgonjwa katikati ya picha ya goti. Aliifuata kwa mkono, goti likaufuata mkono. Simu sasa zinabaki mezani.

Jumamosi

Baada ya kazi za jamii za asubuhi ameletwa kijana aliyejikata mguu kwa jembe. Damu imezuiwa, lakini maumivu yanamrusha kila nikigusa kisigino. Waliomleta walitaka wamkamate wanne, mmoja kila kiungo. Nimekataa. Hapakuwa na aproni za watu wanne, na mtu aliyekamatwa kwa nguvu hupambana. Nilimpeleka kwa muuguzi apewe dawa ya maumivu kwanza, tukangoja. Waliona nachelewesha. Picha imetoka mara moja, mfupa mzima, hakuna kipande cha chuma ndani.

Jumapili

Sina zamu. Nimesoma tena habari za Röntgen. Aligundua miale hii kule Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na tarehe 22 Desemba akapiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha. Inaelezwa kwamba alitakiwa kuutuliza kwa takriban dakika 15. Mifupa inasomeka na pete inaonekana. Vitabu vinamsifu mume, na anastahili. Mimi leo nimemfikiria huyo mama, mkono juu ya bamba robo saa nzima bila kujua litatoka nini. Mgonjwa wa kwanza wa kazi yetu alifanya sehemu yake vizuri.

Jioni nimeandika karatasi ya kubandika mlangoni, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Ya Kiswahili inasema hivi:

"Ndugu mgonjwa, kabla hujaingia tuambie kama una mimba au unadhani unayo, kama huwezi kusimama, kama mkono au mguu wako unatetemeka, kama maumivu ni makali. Simu iache mezani. Picha yenyewe huchukua chini ya sekunde, au sekunde chache kwa mgongo. Utaambiwa lini upumue na lini uzuie pumzi. Ukisikia amri usijibu kwa mdomo. Usipoelewa, uliza kwanza, tutakungoja."