Mbalamwezi Iliyokausha Bahari

Bahari haikuwapo. Mume na mke walisimama kwenye ufukwe wa Jambiani, mashariki ya Unguja, saa nne na robo asubuhi, miwani ya kuzamia ikiwa imekaza usoni na bomba la kupumulia likining'inia sikioni. Mapezi ya mpira ya kukodi walikuwa wameyashika mikononi. Mbele yao palikuwa na mchanga, majani, vidimbwi na ngalawa zilizokaa kitako, mpaka kule mbali kabisa kwenye mwamba ambako mstari mweupe wa mawimbi ulionekana kwa shida.

Walitembea. Wakatembea tena. Maji yaliwafika kwenye vifundo vya miguu, yakaghairi. Mama mmoja aliyekuwa ameinama kwenye shamba lake la mwani aliinua kichwa, akawatazama kuanzia mapezi mpaka miwani.

"Mwatafuta nini, wanangu?"

"Bahari, mama," mume akajibu, na alijua alichosema baada ya kukisema.

Yule mama hakucheka peke yake. Aliwaita wenzake, akawasimulia kwa sauti inayotosha kufika Makunduchi, na kicheko kikapita shamba hadi shamba. "Yashapwa," alisema hatimaye, akifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Alasiri yatarudi. Kakaeni kivulini." Walirudi hotelini kwa safari ile ile ndefu, na miwani usoni, kwa kuwa kuivua mbele ya watu wale kungekuwa kukiri.

Lililouma zaidi ni kwamba safari ile ilikuwa imepangwa kwa makini. Ilikuwa ni ya kuadhimisha ndoa. Mke alitaka Lushoto: baridi, blanketi, matembezi ya Irente, matunda ya njiani. Mume alitaka bahari, ingawa wote wawili wanaishi Dar es Salaam, mji wenye bahari ya kutosha ambayo wakazi wake wengi huitazama kupitia dirisha la daladala. Walibishana kama wanavyobishana wanandoa wote kuhusu mapumziko, kila mmoja akiwa na picha yake kwenye simu. Picha ya mume ilishinda: maji ya rangi ya feruzi yakigusa ngazi za hoteli, mnazi mmoja umeinama, machela imefungwa hapo. Kisha, ili kumpoza mke, mume akaongeza pambo. Akafungua kalenda, akatafuta usiku wa mwezi mpevu, akalipia siku hizo hizo. Watakula chakula cha usiku ufukweni chini ya mbalamwezi. Aliona amefanya jambo la kishairi.

Kumbe alichagua, kwa usahihi ambao hata angeajiriwa asingeufikia, siku ambazo bahari ya Jambiani huondoka kabisa baada ya kifungua kinywa.

Hapa inabidi kueleza, na mume mwenyewe sasa hueleza jambo hili kwenye misiba na harusi bila kuulizwa. Mwezi huyavuta maji ya dunia. Upande unaoutazama mwezi maji hujikusanya, na upande wa nyuma pia hujikusanya, kwa sababu huko mvuto ni hafifu kuliko katikati ya dunia na maji hubaki nyuma. Dunia inapojizungusha, kila pwani hupita kwenye vilima hivyo viwili vya maji. Ndiyo maana bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Lakini mwezi nao hausimami kuingoja dunia. Unasonga, na dunia huukuta baadaye kidogo kila siku. Kwa hiyo toka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25, na ratiba husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku. Aliyeogelea saa nne leo asitegemee saa nne kesho kutwa.

Halafu kuna jua. Jua huivuta dunia kwa nguvu kubwa kuliko mwezi, zaidi ya mara 170, na bado katika shughuli hii ya maji lenyewe ni msaidizi. Kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa dunia na mwingine. Jua liko mbali karibu mara 390 kuliko mwezi, basi tofauti hiyo hupotea njiani, na kazi yake haifiki nusu ya kazi ya mwezi. Hata hivyo, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi husimama kwenye mstari mmoja na kuvuta pamoja. Hilo ndilo bamvua. Maji hujaa kupita kiasi, na hupwa kupita kiasi. Unguja, tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta pande tofauti, na maji huwa mafu: hayaendi mbali wala hayaji sana.

Mita 4 za kwenda juu na chini si habari kubwa kama pwani ina mteremko. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, sakafu ya bahari hushuka haraka, na mtu anaweza kuogelea saa nyingi za siku bila kumwomba ruhusa mwezi. Mashariki ni kitu kingine. Paje, Jambiani na Bwejuu zina mwamba unaokinga mawimbi kwa mbali, na kati ya mwamba na ufukwe pamelala sinia. Ondoa maji kidogo kwenye sinia, uone kinachobaki.

Na saa? Hapo ndipo mume hushusha pumzi. Unguja, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi mpevu hauachi kufuata utaratibu huo. Mwenye kutaka kuogelea baada ya chai ya asubuhi angechagua mwezi nusu, ambapo saa nne huwa ni wakati wa maji kujaa. Mwenye kutaka mbalamwezi juu ya maji saa nne za usiku hapaswi kungoja mwezi mpevu. Wao walipata vyote kinyume. Chakula cha usiku kiliandaliwa ufukweni kama walivyoagiza, na mwezi ukatoka mzuri ajabu, ukamulika matope na mkokoteni mmoja uliosahauliwa.

Wale kina mama walikuwa shambani kwa sababu hiyo hiyo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na kazi yake hufanywa wakati wa bamvua, maji yakiwa yametoka na vijiti na kamba viko wazi. Wengi wa wakulima ni wanawake. Wao hawahitaji kalenda ya ukutani. Wanajua siku ya kwenda, na hesabu hiyo hiyo huwaongoza wanaochokoa pweza mwambani. Uwanja ambao kwa wanandoa wale ulikuwa msiba wa bahari ulikuwa, kwa wenyeji, asubuhi nzuri ya kazi.

Kila mtu pale alijua, basi. Mpishi alijua. Mhudumu aliyekunja taulo kitandani zikawa bata wawili wanaobusiana alijua. Aliyepiga ile picha alijua kuliko wote, kwani alingoja saa kumi jioni. Wala kubashiri maji si elimu mpya. Mwaka 1872 mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya gurudumu na kamba ya kubashiri maji, na mashine za aina hiyo ziliweza kuchora kujaa na kupwa kwa mwaka mzima wa bandari moja kwa saa chache tu. Leo simu ya mkononi hufanya hivyo kabla chai haijapoa. Hoteli inayoweza kumtumia mteja ujumbe wa kumkumbusha salio lake haikuweza kuongeza sentensi moja: tarehe hizi, asubuhi, hakuna maji.

Mke ana maelezo yake, na hayachekeshi. Mgeni wa kutoka Ulaya huja na wakala na mwongozaji, na huyo humwambia mapema kuhusu maji. Mtanzania anayejilipia mwenyewe haonekani ni mtalii. Getini mlinzi aliwatazama wote wawili, akachungulia nyuma yao kwenye gari, akauliza, "Wageni wako wapi?" Mapokezi walisalimiwa kwa Kiingereza, wakajibu kwa Kiswahili, wakaendelea kujibiwa kwa Kiingereza. Bei ilikuwa ya dola, ikageuzwa shilingi kwa kiwango ambacho hakuna benki ingekitambua. Kisha mtu yule yule aliyewatoza kama wageni alishangaa walipouliza habari za maji. "Si nyinyi ni wa hapa hapa?" Ukitaka kulipa wewe ni mgeni, ukitaka kuelezwa wewe ni mwenyeji. Mke alilitaja hili kwenye boti la kurudi, Unguja hadi Dar, njia nzima, na mume, ambaye kwa kawaida hutetea kila kitu alichokilipia, alinyamaza.

Safari zilizofuata zilikuwa fupi, hata katika kusimuliwa. Mafia walikwenda Juni kumtazama papa potwe, ambaye huonekana zaidi karibu na Kilindoni kati ya Oktoba na Machi. Ngorongoro walisimama ukingoni, sakafu ya kreta ikiwa mita 600 chini yao, wakauona ukungu wote. Kitulo, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, waliifikia Agosti; maua ni ya msimu wa mvua, nyasi zilikuwapo.

Sasa ni zamu ya mke kuchagua, na kwa mshangao wa mume amechagua Pemba, kwa masharti. Amebandika jedwali la maji kwenye friji. Amezungushia kwa kalamu nyekundu wiki ya mwezi nusu. Nafasi haitalipiwa mpaka mume apige simu mwenyewe, aulize kwa Kiswahili, na simu iwe imewekwa spika.

Mume alipiga. Alisalimia vizuri, akauliza vyumba, akauliza chakula, akameza mate. "Na maji, ndugu yangu, asubuhi yanakuwapo?"

"Bosi, ondoa wasiwasi kabisa," sauti ikajibu. "Maji hapa ni saa 24. Tuna kisima chetu, na tangi la lita 5,000."